Kati ya Majimoto na Bi Harusi: Lenzi Moja kwa Kazi Mbili

Chumba cha kupakia hina huwa hakina nafasi. Kina mkeka, mito, beseni la maji, feni inayopuliza upande mmoja, wanawake kumi na wawili pamoja na watoto wao, na katikati yao bi harusi aliyenyoosha mikono kama anayesubiri kupokezwa mtoto mchanga. Mpakaji ameshika koni yake, anachora ua la asumini kwenye kifundo cha mkono kwa mstari mwembamba kama uzi wa kushonea. Mimi nimepiga magoti na kamera yenye lenzi ya milimita 85, lenzi niliyoipenda miaka sita mfululizo, na lenzi hiyo inakataa. Nikiusogelea ule uzi, inahangaika mbele na nyuma, kisha inakata tamaa. Mpaka nirudi sentimita 80 ndipo inakubali, na hapo mkono mzima umeshaingia kwenye picha pamoja na goti la shangazi.

Nilivumilia hali hiyo misimu kadhaa ya harusi hapa Tanga. Mwaka huu nikanunua lenzi ya makro: milimita 100, tundu lake kubwa kabisa f/2.8. Kampuni siitaji, kwa sababu nitakayoyaeleza yanazihusu karibu makro zote za milimita 90 hadi 105 zilizoko sokoni, na sipendi msomaji adhani siri iko kwenye nembo. Nilichotaka kujua ni kama lenzi moja inaweza kubeba kazi mbili: vitu vidogo vya karibu, na sura za watu. Muuzaji aliniambia inaweza, tena bila wasiwasi. Mpiga picha mmoja mkongwe wa mjini aliniambia nisithubutu kumwelekezea mtu usoni. "Ile ni kali mno, itakugombanisha na wateja." Miezi mitatu imepita. Mkongwe alikosea, muuzaji alipatia kwa kubahatisha, na faida kubwa niliyoipata hakuna hata mmoja wao aliyeigusa.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Makro, kwa jinsi wapiga picha wanavyolitumia neno hilo, ni lenzi inayoweza kukichora kitu kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi, yaani 1:1. Sensa kubwa ya kawaida ina milimita 36 kwa 24. Ukifikisha lenzi mwisho wa uwezo wake, picha yako nzima ni eneo la milimita 36 kwa 24, kama stempu ya posta, na mdudu wa milimita 8 anachukua zaidi ya moja ya tano ya upana wake. Madukani neno hili limechakaa. Kuna lenzi nyingi za kuvuta zilizoandikwa makro ubavuni ambazo hazivuki 1:4 au 1:3, na mnunuzi hugundua akishafika nyumbani. Lakini si kila lenzi isiyofika 1:1 ni ya kudharauliwa. Tamron ya milimita 90 f/2.5 iliyotoka mwaka 1979 iliishia nusu, 1:2, na hiyo hiyo ndiyo iliyowafanya wengi waione makro kuwa lenzi nzuri ya sura.

Uvumi wa "kali mno" una asili yake, nayo ni ya zamani kuliko Tamron hiyo. Mwaka 1955 Mjerumani Heinz Kilfitt alitoa Makro-Kilar, milimita 40, lenzi ya kwanza ya makro kwa kamera za kioo za filamu ya milimita 35. Mwaka uliofuata Nikon ikatoa yake ya sentimita 5 na kuiita Micro-Nikkor. Mpaka leo Nikon haisemi makro, inasema Micro, na sababu ni kazi iliyoizaa lenzi ile: kunakili nyaraka kwenye filamu ndogo za kuhifadhia maandishi. Herufi za kanji za Kijapani zimejaa vistari vilivyosongamana, na lenzi isiyo nzuri ilivifanya vishikane viwe doa. Kwa hiyo lenzi ile iliundwa kwa ajili ya karatasi, kitu bapa kinachotakiwa kisomeke pembeni sawa na katikati. Karatasi haina pua wala mashavu. Haina aibu pia.

Lenzi za namna hiyo zilipangwa kwa umbali wa karibu, na baadhi yake zilipoteza ubora zilipoelekezwa mbali. Baadaye watengenezaji wakaweka vioo vya ndani vinavyosogea kwa mwendo tofauti kadiri unavyofokasi, na tatizo hilo likapungua sana. Makro ya leo hufanya vizuri kwenye jicho la nzi, kwenye uso, na kwenye jahazi lililoko mbali baharini. Hofu yenyewe tu ndiyo iliyobaki, inarithishwa kutoka kwa fundi hadi kwa mwanafunzi wake pasipo mtu kuijaribu.

Niliijaribu kwa jirani yangu wa Ngamiani, bibi aliyepita miaka themanini, anayesuka ukili barazani kila asubuhi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Leo umekuja na mzinga?"

Lenzi ni ndefu kidogo, na kofia yake ya kuzuia jua inaiongezea urefu, nikamwelewa. Nilimpiga picha kwa lenzi zote mbili, ya 85 na makro ya 100, zote kwenye f/4, yeye akiwa kivulini na mwanga ukimjia kutoka uani. Kwenye kompyuta, nikikuza mpaka mwisho, makro ilionyesha chembe zaidi kwenye kope, chembe ambazo ungezitafuta kwa kidole. Nilizichapisha kwa ukubwa wa A4, nikazichanganya, nikampa binti yake achague kali na laini. Alichagua laini. Ilikuwa ya makro. Siku ya pili nilimkalisha mahali jua la saa nne linapompiga ubavuni, nikarudia na lenzi zile zile. Hapo picha zote mbili zilikuwa za kikatili: kila mkunjo ulitupa kivuli chake, kila kitundu cha ngozi kikawa shimo.

Yaani kinachochimbua uso ni mwanga. Mwanga mdogo unaotoka upande mmoja hukwangua ngozi na kuinua kila kilichoinuka. Mwanga mpana wa dirishani, wa kivuli cha baraza, wa pazia jeupe, hujaza mabonde. Kwa ngozi nyeusi jambo hili lina uzito zaidi, maana chanzo kidogo cha mwanga huacha vimulimuli vyeupe kwenye paji na puani, ilhali chanzo kipana huacha mng'ao mrefu unaoonyesha umbo. Anayemlaumu mtengeneza lenzi kwa chunusi za mteja angeanza kwa kusogeza kiti cha mteja. Vichujio vya kulainisha vinavyofungwa mbele ya makro siviungi mkono kabisa: umelipia vioo vizuri, kisha unavifunika na kioo kibovu.

Bibi mwenyewe alipoziona picha alisumbuliwa na kitu kimoja tu, unywele mweupe kidevuni. "Huu utoe." Nikamwambia nitautoa kwenye kompyuta. Akanishangaa. Alikuwa anamwambia mjukuu wake amletee kibano.

Tofauti za kweli kati ya makro na lenzi ya sura zipo, ila ziko kwingine. Ya kwanza ni tundu. Lenzi ya 85 yangu inafunguka mpaka f/1.8, na makro inaishia f/2.8. Kwa mwanga tu, f/1.8 inaingiza karibu mara mbili na nusu. Ukumbini saa nne usiku, chini ya taa za zambarau na mashine ya moshi, hiyo ndiyo tofauti kati ya picha na doa. Kwa upande wa kufifisha nyuma, tofauti ni ndogo kuliko inavyosemwa. Nikimpiga mtu picha ya kichwa na mabega kwa makro, kutoka mita moja na nusu, kwenye f/2.8, eneo lililo wazi lina kina cha sentimita 3 na nusu hivi. Kwa 85 kwenye f/1.8, ukubwa ule ule wa sura, kina kinashuka hadi sentimita 2 na kidogo. Jicho la karibu na lile la mbali, mtu akigeuka kidogo, tayari yameachana zaidi ya hapo. Wateja wangu hawajawahi kulipia sikio lililopotea. Wanataka macho mawili.

Ya pili ni mwendo wa fokasi. Makro ina safari ndefu ya kupita, kutoka jani lililoko puani mwa lenzi hadi mtu aliyesimama upande wa pili wa barabara, na ikikosea njia huipita yote na kurudi. Bi harusi keshacheka, keshanyamaza. Ndiyo maana nyingi zina swichi ubavuni ya kuikatia safari: kuanzia nusu mita kwenda mbali, au kutoka nusu mita kuja karibu. Sikuijali swichi hiyo wiki mbili za mwanzo, na nilipoteza picha za kuvishana pete nzima nzima. Sasa kidole changu hukipapasa kibonye hicho kama mtu anayehakikisha funguo ziko mfukoni.

Ya tatu ni chumba. Milimita 100 inakutaka urudi nyuma, na kwa kamera zenye sensa ndogo lenzi hiyo inaona kama ya 150 au 160. Katika nyumba zetu za vyumba viwili utagongana na kabati kabla hujaupata mwili mzima. Kwa uso peke yake umbali huo ni neema: sura haivimbi pua kama inavyovimba kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mkono ulionyooshwa. Na hilo halitokani na lenzi, linatokana na mahali uliposimama. Ukisimama mita mbili kutoka kwa mtu, pua na masikio yake yana uwiano ule ule, ushike lenzi yoyote ile.

Upande wa pili, ule wa vitu vidogo, ndio ulionidhalilisha.

Nyuma ya nyumba kuna mwembe, na mwembe una majimoto. Ni wale chungu wa kahawia inayoelekea wekundu, wakali, wanaowafukuza watoto wasipande kutungua maembe na ambao wakulima wa korosho wanawathamini kwa sababu wanawala na kuwafukuza wadudu waharibifu. Viota vyao hutengenezwa kwa majani mabichi. Chungu hujipanga ukingoni, wanalivuta jani moja hadi lingine, wakati mwingine wakishikana viuno kama mnyororo pale pengo linapokuwa kubwa. Kisha wengine huleta mabuu wao, wanawashika midomoni na kuwapitisha huku na huku kati ya majani; buu anatoa uzi wa hariri, na kiota kinashonwa. Sindano yao ni mtoto wao. Nilitaka picha moja ya kitendo hicho.

Kwa 1:1, kutoka ncha ya lenzi ya milimita 100 hadi mdudu kuna sentimita 13 hadi 15. Majimoto anaiona lenzi. Anasimama kwa miguu ya nyuma, anafungua taya, anainua tumbo tayari kurusha asidi yake, na wenzake wanakuja kuangalia kuna nini. Hapo hapo mpiga picha anakutana na hesabu. Kwenye f/2.8, kina cha eneo lililo wazi kwa 1:1 ni theluthi moja ya milimita. Kichwa cha chungu ni kinene kuliko hivyo. Ukikaza tundu hadi f/11 unapata milimita 1 na theluthi, na bado miguu inazama kwenye ukungu. Isitoshe, lenzi inapofika 1:1 mwanga unaofika kwenye sensa unabaki robo tu ya ule ambao ungefika ukipiga kitu cha mbali, kwa hiyo f/11 inafanya kazi kama f/22. Ukikaza zaidi, mwanga wenyewe unatawanyika kwenye tundu dogo na picha nzima inalainika. Kwenye sura unatafuta njia ya kupunguza kina. Kwenye chungu unakitafuta kina kwa kukopa.

Mkopo wa kwanza ni flashi. Nilikata ubavu wa chupa nyeupe ya maziwa nikaufunga kwa mpira mbele ya flashi, ili mwanga utawanyike. Bila hivyo mgongo wa chungu unang'aa kama bati jipya na jicho lake linageuka tone jeusi lisilo na kitu ndani. Mkopo wa pili ni mwili wako. Fokasi ya kamera yenyewe haifai kwa umbali huo, inafukuzia na kupitwa. Unaizima, unaweka kiwango cha ukuzaji unachotaka, kisha unayumba taratibu mbele na nyuma huku ukibonyeza, ukitumaini kwamba jicho la mdudu litapita kwenye ile milimita moja wakati kidole kinashuka. Vidhibiti mtetemo vya lenzi vinasaidia kiasi. Canon ilipotoa makro yake ya 100 f/2.8L mwaka 2009, yenye kidhibiti kinachorekebisha kuinama kwa kamera na pia kusogea kwake, ilisema inaokoa hatua nne za mwanga kwa umbali wa kawaida na mbili tu kwa 1:1. Na upepo hauna kidhibiti. Msimu wa kusi, ikishafika saa tatu asubuhi, jani la mwembe linacheza sentimita nzima, wakati wewe unagombania milimita.

Asubuhi ya nne nilipata. Picha sitini na kitu, nne za kutazamika, moja ambayo buu anaonekana, mweupe, laini kama punje ya wali uliopikwa, uzi wake ukimeta ukingoni mwa jani. Mikono yangu ilikuwa imevimba kwa kung'atwa. Wapo wanaowaweka wadudu kwenye friji ili wazubae kabla ya kupigwa picha, mimi siwezi. Chungu aliyepoa anashika jani kama mlevi anavyoshika nguzo, na anayewajua chungu atagundua. Wengine hupiga picha kumi au ishirini, kila moja fokasi imesogea kidogo, halafu kompyuta inaziunganisha. Kwa pete, ua au gamba la konokono njia hiyo ni nzuri sana. Kwa majimoto, labda umwombe asimame.

Kuna jambo dogo nililoligundua kwa penseli na karatasi, na linawashangaza wengi. Lenzi sahili ya milimita 100, ikifika 1:1, ingehitaji sentimita 40 kutoka kitu hadi sensa, yaani mara nne ya urefu wake. Makro nyingi za kisasa za 100 hufika 1:1 kwa sentimita 30 au pungufu. Maana yake ni kwamba zikifika karibu huacha kuwa za 100. Hujifupisha ndani kwa ndani hadi 75 au karibu na hapo, bila kurefuka kwa nje. Ni ufundi mzuri, maana lenzi hairefuki ikamgonga mdudu, ila anayenunua 105 badala ya 90 kwa kutamani kukaa mbali zaidi na nyoka asome kwanza umbali wa kufokasi ulioandikwa kwenye maelezo. Namba ya milimita haitamsaidia.

Sasa nirudi kwenye chumba cha hina, maana huko ndiko nilikotoka.

Lenzi ya 85, kwa kawaida, haifokasi karibu zaidi ya sentimita 80 au 85, na hapo inakichora kitu kwa takriban moja ya nane ya ukubwa wake. Kwenye sensa kubwa hiyo ni picha yenye upana wa sentimita 28 hivi, eneo la kutosha uso mzima. Lenzi za sura zimeundwa ziishie usoni. Makro nayo husifiwa kwa mwisho wake, ile stempu ya milimita 36. Kati ya uso na stempu kuna nchi kubwa: jicho na nyusi, sikio na hereni, vidole vinavyopitisha uzi, kiganja, midomo ya mtoto anayenyonya, vitobwe vya kofia. Ni kama sentimita 35 hadi 80 kutoka kwenye kamera. Huko 85 haifiki, na wapenda wadudu huko wanapita tu, wana haraka ya kufika 1:1. Mimi tangu nimeinunua lenzi hii, sehemu kubwa ya picha nilizozihifadhi zimetoka huko.

Harusi ya mwezi uliopita, Ngamiani, nilipiga mikono ya bi harusi kwa 1:4. Eneo ni sentimita 14 kwa 10, kiganja na mwanzo wa vidole. Kwa ukuzaji huo f/8 inanipa kina cha karibu sentimita moja, kinachotosha mgongo wa mkono uliolegezwa juu ya mto. Hina mbichi ina mgongo: inasimama juu ya ngozi kama tambi, nyeusi, imelowa. Ukiimulika kutoka mbele inang'aa tu na kupotea. Nilimwomba mtoto mmoja ashike taa ndogo chini, kando ya mkeka, na mwanga ulipopita ukiambaa juu ya ngozi, kila mstari ukaota kivuli chake. Ni ule ule mwanga wa ubavuni uliomwaibisha bibi barazani. Hapa ulikuwa kila kitu.

Karibu na kifundo, bi harusi yule ana kovu la mafuta ya moto, la utotoni, umbo la punje ya kunde. Mpakaji hakulifunika. Alilizungushia jani, akalifanya kuwa tumba la ua. Kwa macho sikuwa nimeliona. Nililiona kwenye kamera, mng'ao wake laini ndani ya mistari myeusi. Nilipomwonyesha mama yake akanyamaza kidogo, kisha akaanza kusimulia siku ile ya mafuta, nani alikuwa jikoni na nani alitoka mbio akimbeba.

Familia nyingi za huku hazipendi uso wa bi harusi uzagae kwenye simu za watu. Uso unabaki kwenye albamu, ndani, unaonyeshwa kwa ndugu. Mkono unaruhusiwa. Mkono ndio unaotumwa kwa shangazi aliyeko Muscat na kwa marafiki waliosoma pamoja, na wanamtambua kwa mkono. Kwa hiyo mimi sioni tena kwamba nilinunua lenzi ya vitu vidogo inayoweza pia kupiga sura. Picha ile ya sentimita 14 kwa 10 ni picha ya sura. Vivyo hivyo kwa bibi: picha yake ninayoipenda imekata kichwa, ni vidole tu, kucha zilizopasuka kwa miaka ya miyaa, ukili ukitoka katikati yake kama unaota hapo.

Uzuri mwingine wa umbali wa katikati ni heshima. Kumwekea mtu mzima kioo sentimita 15 kutoka jichoni ni utovu wa adabu, na uso wake utakwambia hivyo. Kwa nusu mita mnaweza kuendelea kuzungumza.

Kwa sababu hiyo mbio za watengenezaji kwenye ukuzaji hazinitii hamasa. Canon ya RF 100 ya mwaka 2021 inavuka 1:1 na kufika 1.4, Laowa ya 100 inafika mara mbili ya ukubwa halisi, MP-E 65 ya Canon, ya mwaka 1999, inakwenda hadi mara tano na haiwezi kabisa kufokasi kwenye uso wa mtu. Kwa mtafiti wa wadudu hizo ni zana. Anayeishi kwa harusi atazilipia bila kuzitumia.

Na je, lazima ununue makro? Hapana, na nasema hivyo nikiwa nimeshatoa fedha zangu. Pete ya kurefusha, yaani bomba tupu lisilo na kioo linalokaa kati ya kamera na lenzi, ni rahisi kwa bei. Pete ya milimita 25 nyuma ya lenzi ya 85 inakufikisha kama 1:2.4, katikati kabisa ya nchi niliyoisema. Kasoro yake ni kwamba ikiwa imefungwa, lenzi haioni tena mbali. Mama wa bwana harusi anaingia mlangoni akipiga vigelegele, na wewe umeshika lenzi mkono mmoja na pete mkono mwingine, mdomoni umeng'ata kifuniko. Ikiwa unapiga pete za harusi mara mbili kwa mwaka, nunua hiyo na usijisumbue. Simu nazo zimeingia: tangu iPhone 13 Pro ya mwaka 2021 simu hiyo inafokasi kwa sentimita 2 tu kutoka kitu. Inafanya kazi nzuri kwa ua lililotulia. Lakini kwa sentimita 2 kivuli cha simu yenyewe kinakuwa juu ya hina, na mpakaji anakuomba utoe mkono wako apite.

Mtu anayenunua lenzi yake ya kwanza ya sura, na hafanyi kazi za usiku, ningemwambia aanze na makro ya 90 au 100, hata iliyotumika, aache 85 kwanza. Aikague kwa kuifokasi kutoka mwisho hadi mwisho akisikiliza kama inakwaruza, atazame kioo cha mbele dhidi ya mwanga, ajaribu swichi. Atapata uso, atapata mkono, na siku akitaka kung'atwa, mwembe upo.

Ile 85 yangu sijaiuza. Iko kabatini, imefungwa kwenye kitambaa cha kanga. Jumamosi nina ukumbi, kazi inaanza saa tatu usiku, na wenye harusi wamekwishanieleza kwamba wamekodi mashine mbili za moshi.